Mfuniko wa Tangi

4 Februari

Bi Sahau wangu,

Nimezima simu, usihangaike kupiga. Ikilia humu ndani inaleta mwangwi mpaka jikoni, na tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa bila sababu. Nitakuwa naandika. Fundi bomba na kalamu! Wenzangu kazini wakijua watanicheka mwaka mzima.

Mwili hauna neno. Mwanetu Mwalimu bado yuko kwa bibi yake, anasoma vizuri, na bado anawagombeza wanasesere wake kwa kuchelewa darasani. Jumapili nilimpelekea viatu vya shule. Akavivaa kushoto kulia makusudi ili nicheke, nami nikacheka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Sikutaka kukuambia, lakini sina mwingine. Mfuniko wa tangi la uani, lile la ardhini, unafunguka wenyewe. Unaujua ule wa chuma, mtu mzima anaunyanyua kwa mikono miwili huku akiguna. Tangu tumzike mwanetu Bwana Mdogo, miezi minane sasa, nimeufunika na kuupandishia matofali manne. Jumanne nimerudi kutoka kazini saa nane mchana, nikakuta matofali yamepangwa pembeni moja juu ya jingine, na mfuniko umelala kwenye majani. Nikafunika. Alhamisi tena. Na safari hii kulikuwa na nyayo za maji kutoka pale mpaka mlango wa jikoni. Nyayo ndogo, za mtoto wa miaka mitatu.

Sikuandikii ili kukuumiza. Nilikuambia siku ile mbele ya watu wote, na narudia: sikulaumu. Mtu yeyote anaweza kusahau.

Wako,
Fundi

12 Februari

Mume wangu,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, ndiko pekee kwenye komeo. Nimeisoma mara mbili, halafu nikatoka na kuendelea kukunja mashuka ya wageni kana kwamba sijasoma kitu.

Dada amenipa kazi hapa hotelini, chumba cha kufulia. Nakunja tu. Pasi hanipi. Hajasema kwa nini, na mimi sijauliza, sote tunajua. Nikikunja mashuka ishirini nayahesabu mara tatu. Nyumbani kwake narudi jikoni mara tano kuangalia kama nimezima jiko, na mara ya sita ananishika bega, ananiambia, "Mdogo wangu, limezima, twende." Kichwa changu sikiamini tena hata kwa jambo dogo.

Siku ile pampu ilikuwa imekufa. Saa moja asubuhi nilifungua tangi nikachota ndoo mbili, nikaloweka nguo, nikamshika Mwalimu mkono tukaenda kliniki ya macho. Wewe ulikuwa na homa, umemeza dawa, umelala, na Bwana Mdogo ubavuni kwako. Ndoo ya kwanza naikumbuka. Ya pili naikumbuka. Kuhusu mfuniko, naiona mikono yangu ikiurudisha, halafu najiuliza: naiona kwa sababu niliurudisha, au kwa sababu natamani ningekuwa nimeurudisha? Jina la Bi Sahau ulinipa wewe, wiki ya kwanza ya ndoa, nilipounguza shati lako. Nililipenda sana. Sikujua kwamba siku moja watu watalitumia kama ushahidi.

Mama yako simlaumu. Ananiruhusu kumwona mwanangu Jumapili moja kwa mwezi, saa mbili tu, na wifi anakaa katikati yetu kama askari jela. Mara ya mwisho Mwalimu aliomba nimpeleke kunawa mikono. Wifi akainuka yeye. Mtoto akaniangalia, akainamisha kichwa, akafuatana naye. Ana miaka minane, ameshaelewa kwamba mama yake haaminiki karibu na maji.

Labda huyo anayefungua mfuniko ananitafuta mimi. Asante kwa kunisamehe. Mwanaume mwingine angenifukuza siku ileile.

Mkeo,
Bi Sahau

27 Februari

Bi Sahau wangu,

Nimefunga kufuli. Nimechimbia ndoano mbili kwenye zege, nikapitisha mnyororo, na ufunguo nimeuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ufunguo ni mmoja tu. Jana saa sita mchana nimetoka jikoni na kikombe cha chai, mfuniko uko wazi, mnyororo umekunjwa vizuri, kufuli liko juu yake, halijavunjwa. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Chai niliimwaga yote miguuni na sikuhisi moto.

Kazini siendi tena. Nilimtuma mtu aseme naumwa mgongo. Ukweli ni kwamba nikiwa mbali na tangi roho inakuwa juujuu, na nikiwa karibu nalo ni hivyohivyo, basi bora niwe karibu. Nimesogeza kiti uani. Nakaa na kulitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Anaongea, mke wangu. Si kilio, usiogope. Ni ile sauti yake ya kujifanya mkubwa. Anauliza, "Baba, nimulike? Baba, nimulike hapa?" Nikiinama kusikiliza ananyamaza. Nikirudi kwenye kiti anaanza tena, na tochi yake naiona kabisa ikizungukazunguka kule chini kwenye maji.

Usimwambie dada yako. Watasema nimerukwa na akili.

Fundi

8 Machi

Mume wangu,

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika na macho makavu.

Kuna jambo haliniingii akilini. Unasema anauliza kama akumulikie. Akumulikie na nini? Tochi yetu ilikufa tangu mwanzoni mwa mwaka ule, ukawa kila siku unasema utanunua nyingine. Na sijawahi kumwona akikushikia tochi. Uliapa hutamkaribisha kwenye kazi zako mpaka afike darasa la kwanza, kwa sababu ya vyuma. Au kuna siku ulimruhusu nami sikuwepo? Sikuulizi kwa ubaya. Ni kwamba kila kitu chake nakitaka, hata kile ambacho sikukiona. Kama kuna asubuhi alikushikia tochi akafurahi, niambie, nami niwe nayo.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nakuja. Kama ananitafuta mimi, nitakaa kwenye ukingo wa tangi nimwombe radhi kwa mdomo wangu, halafu tuondoke wote wawili, tuiache hiyo nyumba. Tukiwa pamoja na wewe ukisimama upande wangu, huenda mama yako atanirudishia Mwalimu. Kitu hicho tu ndicho kinachonifanya niamke asubuhi.

Mkeo

14 Machi

Usije.

Suala la tochi nilikosea tu kuandika, silali vizuri. Ukija utamvuruga. Amekasirika na aliyeacha wazi, na nisingependa akuone. Kaa huko huko na mashuka yako. Mimi nimeshakusamehe, sasa unataka nini zaidi?

F.

20 Machi

Shoga yangu,

Ni mimi, Mama Cherehani, jirani yako wa ukuta mmoja. Usishangae mwandiko, naandikia kwenye karatasi ya kukatia mashati na chaki imenizoea kuliko kalamu. Anwani nimeipata kwa dada yako. Nilimpigia pale hotelini, akanisubirisha kwenye simu mpaka nikashona vifungo sita.

Sipendi kuingia kati ya mume na mke, na ndiyo maana nimechelewa. Lakini mumeo haendi vizuri. Dirisha langu la kushonea, wajua, linatazama uani kwenu. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi namwona anatoka na spana, anavua ufunguo shingoni, anafungua kufuli, anakunja ule mnyororo vizuri kabisa, anasukuma mfuniko pembeni. Anaingiza miguu ndani ya maji, anakaa ukingoni hata saa nzima akiongea peke yake. Halafu anatembea na miguu yake iliyolowa mpaka jikoni. Baada ya muda anatoka na kikombe cha chai, analiona tangi, na anapiga ukelele utadhani kaona joka. "Nani kafungua? Nani kafungua?" Shoga, kafungua mwenyewe! Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Mara ya tatu nikateremsha pazia, maana nilianza kuogopa.

Hata miguu yake wakati ule ni kama siku ya msiba, anatembelea vidole, nyayo zinabaki nusu nusu, ndogo utadhani za mtoto. Na saa ni ileile. Ndiyo hiyo saa nne aliyokuja kuazima tochi kwangu siku ile, Bwana Mdogo akiwa kamning'inia kwenye suruali, akaniambia boya la tangini, lile la kuwashia pampu, limekwama, anataka kulitengeneza kabla hujarudi. Nikamtania mtoto, "Na wewe ni fundi?" Akanijibu, "Mimi ni mmulikaji." Maskini ya Mungu. Tochi alinirudishia baada ya mazishi, kaifunga kwenye taulo, nami sikuuliza. Niliona mmelimaliza wenyewe ndani. Ulipojishika kifua pale mbele ya mkweo ukasema ni wewe, nikajua umeamua kumkinga mumeo, nikakuvulia kofia. Kwa mapenzi hayo, nikasema, mimi ni nani nifungue mdomo.

Njoo umchukue, au utume mtu. Anakonda.

Mimi jirani yako

25 Machi

Fundi,

Mama Cherehani ameniandikia. Hakujua anachoniambia. Alidhani nakijua.

Saa nne. Ulifungua wewe, saa nne. Homa yako ilikuwa imeisha, ulikuwa macho, umesimama kwenye ukuta wa jirani unaazima tochi. Na mimi niliurudisha ule mfuniko saa moja asubuhi, kwa hii mikono miwili, niliguna, nikajifuta kutu kwenye kanga. Nilikumbuka vizuri siku zote! Ulinifanya nisiamini macho yangu mwenyewe.

Miezi tisa, Fundi. Umeniona nikipiga kichwa ukutani, ukanishika, ukanibembeleza. Umewaita ndugu zako ukawaambia, "Msimseme mke wangu, nimemsamehe," wakakusifu, wakasema mwanaume ana moyo wa dhahabu. Ulinisamehe kosa lako mwenyewe, nami nikakushukuru. Nilikushukuru kwa barua! Nilikubusu mikono. Umeniacha nimpoteze Mwalimu, umesoma jinsi wifi yangu, dada yako wa damu, alivyomwondoa mtoto mkononi kwangu asinawe maji nami, ukanyamaza jii.

Kuacha tangi wazi ningekusamehe. Wallahi ningekusamehe siku ileile, maana mimi najua kusahau kunavyokuwa, na ningelia nawe chini pale mpaka tuchoke. Hili la pili silijui nalifanyaje. Hakuna siku katika hizi miezi ambayo hukuwa na mdomo.

Sitaki kujieleza kwako. Nataka uende kwa mama yako, ukae mbele yake, useme kwa mdomo wako. Nataka mwanangu.

2 Aprili

Mke wangu,

Ni kweli.

Homa ilishuka saa tatu. Nikaona nikutengenezee boya ili ukirudi ukute maji bombani ufurahi. Nilimwambia animulikie, akashika tochi kwa mikono miwili, amebana ulimi kwa meno kama ninavyobana mimi. Mteja akaita getini, bomba la kwake limepasuka. Nikamwambia mtoto, "Kaa hapo, usisogee," nikaenda. Unajua ninavyopenda kueleza kazi. Nilimweleza yule mtu kila kiungo na kila kifungio, na yeye akawa anaitikia, nami nikazidi. Niliporudi tochi ilikuwa kwenye majani, bado inawaka.

Nilimtoa, nikapiga kelele, watu wakajaa. Wakauliza imekuwaje. Nikasema, "Nimeamka nikakuta hivi." Hilo neno nimeamka lilitoka lenyewe. Fundi bomba, na tangi la nyumbani kwake! Ningetazama vipi watu? Bado ningeweza kulirudisha hilo neno. Ulipofika, mama akauliza nani alifungua asubuhi, na nakuapia nilikuwa nafungua mdomo. Wewe ukapiga magoti ukasema, "Ni mimi, ni hiki kichwa changu." Ulisema haraka mno. Ungechelewa kidogo tu ningesema mimi. Ulisema kwa uhakika hata mimi mwenyewe kuna siku nilikuamini, nikalala usingizi mzuri.

Najua haitoshi. Yeye ndiye ananidai, na hawezi kunyamaza mpaka niseme. Jumapili nakwenda kwa mama. Nitasema yote, na Mwalimu atarudi kwako.

Fundi

10 Aprili

Kwa mke wa mwanangu,

Mwanangu alikuja Jumapili. Alipiga magoti sebuleni kwangu, amekonda, ndevu zimemjaa, akasema maneno yako. Nayaita yako kwa sababu nilimlea mimi na namjua. Tangu mdogo, mwenzake akivunja kikombe, yeye ndiye anayesema kavunja yeye. Huruma ndiyo ugonjwa wake. Umemwandikia mpaka umembebesha na hilo, ukaona mtu mwenye huzuni hawezi kukataa.

Siku ya msiba nilikuuliza mbele ya watu thelathini, ukajibu mwenyewe. Hakuna aliyekushika koo. Leo unageuza.

Nilimwambia mwanangu, "Inuka, mama yako anajua ukweli." Akaniuliza, "Unaujua?" Nikamwambia, "Naujua, baba, hukufanya wewe." Akatulia. Mara ya kwanza tangu msiba nimemwona akitulia. Alikula, akalala kidogo kwenye kochi, akarudi nyumbani kwake.

Mjukuu wangu anabaki hapa. Zile Jumapili nazo nazisimamisha kwanza.

Mama mkweo

15 Aprili

Bi Sahau wangu,

Natumaini hujambo na mashuka yako. Mimi leo nimeamka na nafuu, homa imeshuka.

Mama amenieleza vizuri, mambo yote sasa yamekaa mahali pake. Nilikuwa nimechanganyikiwa kidogo. Nyumba hii ukikaa peke yako inakuingiza maneno kichwani.

Ila umeacha tena mfuniko wazi. Nimetoka na chai yangu nikakuta wazi, ndoo zako mbili pembeni. Mke wangu, mara ngapi? Mtoto yuko macho, anazunguka humu uani na tochi, anaomba kumulika. Nimemwambia asubiri mama yake arudi kliniki.

Sikugombezi. Mtu yeyote anaweza kusahau. Nimeshakusamehe, na nitawaambia watu wote wakusamehe.

Wako daima,
Fundi

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilitaka kuanza bila salamu kama ulivyoanza wewe, lakini sikulelewa hivyo.

Barua ya mwanao ya tarehe mbili ninayo, yenye kila kitu, tochi na mteja na geti. Sikutumii. Ukiisoma utasema nilimshika mkono akiandika. Mama Cherehani yuko tayari kuja kusema alichokiona, na kwake pia utapata la kusema. Nimechoka kutafuta wa kuniamini. Nimejiamini mwenyewe juzi, kazini, nilipokunja mashuka arobaini nikayahesabu mara moja nikayapeleka, na yalikuwa arobaini. Dada akanipa pasi.

Ulimpa mwanao alichokuwa anakitaka. Alikuja kwako na ukweli, umemvua, ukamrudisha kwenye ile nyumba na uongo wake peke yake. Sasa nakuwekea hapa ndani barua yake ya wiki iliyopita, hii nakutumia. Isome polepole. Huyo mtoto anayemzungumzia tumemzika sote, wewe ulishika jeneza upande wa miguu.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na dada yangu na mjumbe wa mtaa. Sitaomba na sitagombana. Hakuna hakimu aliyewahi kusema mwanangu si wangu, nilimwacha kwako kwa sababu nilikubali mimi ni muuaji, na sikubali tena. Naomba awe amekula na vitu vyake viko tayari, asione watu wazima wakivutana.

Mimi nakuja kumchukua wangu. Wewe nenda kamchukue wako, Mama, na uende leo. Mama Cherehani anasema tangu jana haketi tena ukingoni. Anashuka ndani ya tangi, maji yanamfika kifuani, na anatafuta.

Mama yake Mwalimu